Nyumba ni yangu, mbona nisichague mpangaji nimtakaye?

*Swali:* Nimenunua nyumba ya ghorofa tatu hapa Worcester, Massachusetts. Mimi na mama yangu, ana miaka 71, tunakaa chini. Apatimenti mbili za juu nataka kupangisha. Ningependa Wakenya wenzangu, hasa waliookoka, wasio na watoto wadogo, maana nyumba ilijengwa 1912, nimeambiwa rangi yake ina madini ya risasi, na mama hawezi kelele. Tangazo nililiweka kwenye grupu la WhatsApp. Sasa amejitokeza mama mwenye watoto wawili na vocha ya Section 8, msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, na kijana mwingine anayetaka kuja na mbwa, ana barua ya daktari. Rafiki yangu dalali anasema mwenye nyumba anayeishi humo humo, kwenye jengo lisilozidi familia nne, hafungwi na sheria za ubaguzi. Ni kweli? Nyumba ni yangu na mkopo naulipa mimi.

*Jibu:* Dada, rafiki yako hakudanganya, ila amesoma ukurasa mmoja akafunga kitabu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, Fair Housing Act, kweli inamwachia mwenye nyumba anayeishi kwenye jengo la familia zisizozidi nne. Wanasheria wa huku wanauita msamaha wa Bi. Murphy, kwa jina la mwanamke wa kubuni mwenye vyumba vichache vya kupangisha, aliyetajwa sana bungeni sheria ilipokuwa ikijadiliwa. Kwa hesabu hiyo, nyumba yako ya familia tatu unayoishi mwenyewe imo ndani ya msamaha.

Tatizo ni kwamba huo ni msamaha wa sheria moja tu, na wewe unaishi chini ya tatu.

Ya kwanza ni ya jimbo lako. Sura ya 151B ya sheria za Massachusetts ina msamaha wake, nao unaishia kwenye nyumba ya familia mbili ambayo mwenyewe anaishi humo. Ikifika familia tatu, msamaha huo haupo tena, hata kama unalala hapo kila usiku. Kwa kuwa Worcester imejaa nyumba za ghorofa tatu kama yako, hili ndilo kosa linalowanasa wenye nyumba wengi: wanasoma habari za shirikisho mtandaoni, wanaona namba nne, wanatulia. Na orodha ya jimbo ni ndefu kuliko ya Washington. Sheria ya shirikisho inakataza ubaguzi wa rangi, dini, nchi ya asili, jinsia (iliongezwa 1974), ulemavu na kuwa na watoto (yaliongezwa 1988). Massachusetts inaongeza hali ya ndoa, umri, mwelekeo wa kijinsia na utambulisho wa jinsia, kutumikia jeshi, taarifa za vinasaba, na kupokea msaada wa serikali, vocha ya Section 8 ikiwemo.

Ya pili ni ya zamani kuliko nyumba yako. Civil Rights Act ya mwaka 1866, iliyopitishwa mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, inampa kila raia haki ileile aliyonayo raia mzungu ya kununua na kupanga mali. Mwaka 1968, katika kesi ya Jones dhidi ya Alfred H. Mayer Co., Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sheria hiyo inambana hata mtu binafsi, si serikali peke yake. Haina msamaha wa Bi. Murphy, haijali idadi ya familia, na fidia yake haina kikomo. Anayekataliwa kwa rangi yake au kwa asili ya ukoo wake anaweza kuitumia hata dhidi ya mtu mwenye chumba kimoja cha kupangisha.

Ya tatu imo ndani ya Fair Housing Act yenyewe, na hapa ndipo tangazo lako lilipojikwaa. Msamaha wa Bi. Murphy haugusi kifungu cha matangazo. Mwenye nyumba wa familia nne au pungufu anaweza kusamehewa kwa uamuzi wake, lakini hasamehewi kwa kauli yake. Kifungu hicho kinakataza kutoa, kuchapisha au kusababisha kuchapishwa kwa tangazo au kauli yoyote inayoonyesha upendeleo au mpaka kwa misingi niliyoitaja. Kauli ya simu inahesabika. Ujumbe wa WhatsApp unahesabika. Na Kiswahili si maficho: picha ya ujumbe huo na tafsiri yake vitatosha kwa mpelelezi.

Tuangalie tangazo la aina hiyo. Nadhani lako lilifanana na hili: *Apatimenti ya vyumba 3 Worcester, karibu na basi. Wakenya tu, waliookoka, wasio na watoto wadogo. Hatupokei Section 8.* Sentensi ya kwanza ni salama. "Wakenya tu" ni nchi ya asili. "Waliookoka" ni dini. "Wasio na watoto wadogo" ni hali ya familia. "Hatupokei Section 8" ni msaada wa serikali, kosa kwa sheria ya jimbo. Makosa manne kwa mstari mmoja na nusu, na hujamkataa mtu bado. Lifute leo, weka jingine linaloeleza nyumba badala ya mtu: *Apatimenti ya vyumba 3, ghorofa ya pili, kodi dola 1,900, joto halimo kwenye kodi, hakuna kuvuta sigara, ipo kuanzia tarehe 1. Maombi yote yatapitiwa kwa vigezo vilevile.* Kuliandika kwa Kiswahili si kosa, wala kuliweka kwenye grupu la watu wa nyumbani. Ila likiwa hapo peke yake, siku moja utaulizwa kwa nini wengine hawakupata nafasi ya kuliona. Weka lilelile na kwenye tovuti ya wazi ya nyumba.

Usidhani hakuna anayeangalia. Mashirika ya haki za makazi huwatuma watu wawili wenye kipato kinacholingana, tofauti yao ikiwa rangi, lafudhi au watoto, kisha hulinganisha majibu. Mmoja anaambiwa "imeshachukuliwa", mwingine anakaribishwa kuja kuiona kesho. Mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mtu wa majaribio wa namna hiyo aliyedanganywa kwa sababu ya rangi yake anaweza kushtaki mwenyewe, hata kama hakuwa na nia ya kuhamia.

Sasa watoto, maana hapo hali yako ina mambo mawili yanayovutana.

Risasi kwanza. Massachusetts inamtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 kuondoa au kudhibiti hatari ya rangi yenye risasi mara anapoishi humo mtoto wa chini ya miaka 6. Wengi hujibu kwa kuwakwepa wenye watoto, na hilo ndilo sheria imelikataza wazi: huwezi kukataa familia, kutoongeza mkataba wake wala kuiondoa kwa sababu nyumba ina risasi. Kukwepa hakukuokoi pia kwa upande wa pili. Mpangaji anaweza kupata mimba miezi mitatu baada ya kuhamia, na mtoto akidhurika, wajibu ni wako hata kama hukuwa mzembe. Ndiyo maana ushauri wangu ni uanze na jengo kabla ya kumaliza mambo ya wapangaji.

Mwite mkaguzi wa risasi mwenye leseni, akupe ripoti ya chumba kwa chumba. Mara nyingi shida kubwa iko kwenye madirisha ya zamani ya kupandisha na kushusha, kwa sababu mbao zikisuguana hutoa vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloingia kwenye mikono na midomo ya watoto. Fremu za milango, ngazi na varanda za nyuma hufuata. Kazi zenye hatari ndogo, mfano kufunika sehemu au kung'oa mlango na kuupeleka nje, unaweza kuzifanya mwenyewe baada ya mafunzo yanayotakiwa. Kukwangua rangi ni kazi ya fundi mwenye leseni, na wakati huo watu hawakai ndani. Usikodishe fundi wa kawaida akakwangua kavu, kwa sababu utatoka na vumbi zaidi ya ulilokuwa nalo na mkaguzi hatakupa barua. Mwisho wa kazi unapata barua ya kutimiza masharti kikamilifu, au barua ya udhibiti wa muda, ambayo ni ya kuahirisha tu: inafika miaka 2 kwa ukomo. Jimbo hurudisha sehemu ya gharama kwenye kodi ya mapato, hadi dola 3,000 kwa apatimenti iliyokamilika, na upo mkopo wa kazi hiyo kupitia MassHousing, shirika la jimbo la mikopo ya nyumba. Na kabla ya kusaini mkataba wowote, uwe na watoto au usiwe nao, mpangaji lazima apewe fomu ya taarifa ya risasi na nakala ya ripoti uliyonayo.

Mama yako sasa. Hapa sheria ya jimbo imekuachia mlango ambao rafiki yako hakuutaja. Katazo la kubagua wenye watoto haliendi kwenye jengo lenye apatimenti tatu au pungufu, ikiwa moja inakaliwa na mzee wa miaka 65 au zaidi, au mgonjwa wa kudumu, ambaye uwepo wa watoto utamletea tabu ya kweli. Mama ana miaka 71 na jengo lina apatimenti tatu. Kwa maneno matupu unafaa.

Lakini soma neno "tabu". Kutopenda kelele hakutoshi, na mwenye kulithibitisha ni wewe. Ungehitaji kitu kizito zaidi: barua ya daktari inayoeleza hali ya mama na namna mbio za watoto juu ya kichwa chake zinavyomdhuru, iliyoandikwa kabla ya kumkataa mtu, si baada ya malalamiko. Hata ukiwa nayo, bado huruhusiwi kutangaza "hakuna watoto", kwa sababu kifungu cha matangazo cha shirikisho hakikukuachia. Na kwa swali lako jinsi ulivyoliandika, risasi umeitaja kabla ya kusema mama hawezi kelele. Mpelelezi atakayesoma ujumbe wako wa aina hiyo atasema mama ni kisingizio. Mimi nisingeutumia mlango huu isipokuwa mama ni mgonjwa kweli. Apatimenti ya kati ikiwekwa zulia zito na ile ya juu ikapewa familia yenye watoto, utakuwa umepunguza kelele nyingi bila kumkataa mtu, mradi mwenye watoto akitaka ya kati usimzuie: kumwelekeza ghorofa fulani kwa sababu ya watoto ni ubaguzi nao.

Unachoweza kuweka bila hofu ni idadi ya watu, ukiifuata kanuni ya afya ya jimbo. Apatimenti inatakiwa iwe na futi za mraba 150 kwa mtu wa kwanza na 100 kwa kila anayeongezeka. Chumba cha kulala cha mtu mmoja kisipungue futi za mraba 70. Wakiwa zaidi ya mmoja, 50 kwa kila mmoja. Chukua utepe upime. Chumba cha futi 12 kwa 10 kina 120, kinatosha wawili. Cha 11 kwa 10 kina 110, wawili tena. Cha 10 kwa 9 kina 90, mmoja tu. Watano, basi, na namba hiyo itamhusu kila mwombaji, awe na watoto au na shangazi zake. Usihesabu "watu wazima wawili na mtoto mmoja", hesabu watu.

Yule mama mwenye vocha huwezi kumkataa kwa sababu ya vocha, wala kwa sababu hupendi ukaguzi wa mamlaka ya nyumba inayotoa vocha au masharti ya mkataba wao. Mahakama ya juu ya Massachusetts ilishasema hivyo mwaka 2007, kesi ya DiLiddo. Kosa la kawaida zaidi ni la hesabu. Tuseme kodi ni dola 1,900, vocha inalipa 1,500, yeye anabaki na 400. Ukimdai kipato cha mara tatu ya kodi nzima, yaani 5,700 kwa mwezi, umemfungia mlango kwa ujanja, maana mwenye kipato hicho asingepewa vocha. Kigezo chako cha mara tatu kipige kwenye sehemu yake: 1,200. Historia yake ya kulipa, utunzaji wa nyumba alikotoka na marejeo ya mwenye nyumba wa zamani, hayo yote uangalie kama kwa mwingine yeyote. Ukaguzi wa mamlaka utaangalia zaidi mambo ambayo kanuni ya afya inakudai tayari: vitambua moshi, joto, maji ya moto, madirisha yanayofunguka. Kodi yenyewe huingia kwa tarehe, mwezi hadi mwezi, jambo ambalo wenye nyumba wengi hulifurahia wakishazoea.

Kijana wa mbwa: mnyama wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, kwa hiyo sharti la "hakuna wanyama" halimgusi, na humtozi ada wala amana ya mbwa. Kama ulemavu hauonekani, unaweza kuomba uthibitisho wa mtu anayemfahamu kitaalamu kwamba ana ulemavu na kwamba mnyama anamsaidia kuhusiana nao. Usiulize ugonjwa gani, usidai faili la hospitali. Cheti kilichonunuliwa mtandaoni bila mazungumzo yoyote na daktari unaweza kukihoji. Mbwa akiuma mtu au akiharibu sakafu, mpangaji analipa, na mbwa mwenye rekodi halisi ya kudhuru watu unaweza kumkataa; lakini hofu ya aina ya mbwa si rekodi. Akihitaji marekebisho ya jengo, mfano vyuma vya kushikia bafuni, kwenye jengo la chini ya apatimenti 10 gharama ni yake, wewe wajibu wako ni kuruhusu.

Kuhusu waliookoka: kanisa lina msamaha kwa nyumba linazomiliki na kuziendesha bila biashara, kwa waumini wake. Wewe si kanisa. Wapo waliojaribu kutetea imani yao mahakamani. Mwaka 1994 mahakama ya juu ya Massachusetts ilisikia kesi ya wenye nyumba Wakatoliki waliomkatalia mwanamume na mwanamke wasiooana. Mahakama ilisema walivunja katazo la hali ya ndoa, kisha ikarudisha kesi ili Serikali ioneshe kama ina sababu nzito ya kuwalazimisha kinyume cha imani yao. Ni njia ndefu na ya gharama, na mpangaji asiyesali nawe si kesi ya kwenda nayo huko.

Uhuru wako uko hapa: vigezo. Andika ukurasa mmoja kabla ya kupokea ombi la kwanza. Kipato kiasi gani kwa sehemu ya mwombaji, historia ya malipo ya miezi mingapi, marejeo mangapi, hakuna sigara, idadi ya watu uliyoipima, na mpangilio: atakayekamilisha karatasi zote kwanza na kutimiza vigezo ndiye anayechukua. Tia tarehe. Mpe kila anayeuliza. Weka daftari la kila simu: siku, jina, alichoulizwa, alichojibiwa, kwa nini alikubaliwa au kukataliwa. Kama alikosa kwa deni la kodi la miezi minne, andika "deni la miezi minne, mwenye nyumba wa zamani alithibitisha", usiandike "sikumwamini". Karatasi zitunze angalau miaka 3, muda ambao mtu anaweza kufungua kesi ya jimbo. Yule asiyefikia kigezo unamkataa bila kuomba radhi, awe Mkenya au asiwe, na hakuna sheria inayokulazimisha kumpangisha asiyelipa.

Usimchangishe mtu zaidi ya mwingine kama njia ya kumfukuza. Massachusetts inakuruhusu kupokea mwanzoni kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kufuli jipya. Ada ya fomu ya maombi haimo.

Na dalali wako: akikuambia "mimi nitawachuja", ujue kwamba makosa ya wakala wako humfuata mwenye mali, naye anaweza kupoteza leseni. Mwombe ushauri wake kwa maandishi uone kama atauandika.

Aliyekataliwa ana siku 300 kulalamika kwa tume ya jimbo ya kupinga ubaguzi, MCAD, ambayo ina ofisi hapo Worcester, au mwaka 1 kwa HUD, wizara ya nyumba ya shirikisho, au miaka 2 kwenda mahakama ya shirikisho. Malalamiko hayamgharimu kitu. Faini ya HUD kwa kosa la kwanza inaweza kuvuka dola 20,000, mbali na fidia na mawakili wa upande wa pili. Barua ikija, jibu ndani ya muda ulioandikwa humo, usimpigie mlalamikaji simu wala usimfukuze mpangaji aliyemsaidia, kwa kuwa kulipiza kisasi ni kosa jingine kamili ambalo mara nyingi huthibitika kirahisi kuliko la kwanza. Mwarifu wakala wako wa bima siku hiyohiyo; bima nyingi hazilipii ubaguzi, lakini baadhi hulipa wakili.

Mjibu yule mama wa vocha wiki hii. Mpe fomu ileile uliyompa kila mtu, na wakati anaijaza, mpigie mkaguzi wa risasi.